Maswali Yenu: "Chuo cha mapadri" cha Nyegezi kimetoka wapi, na nani kampa nani majengo

Mwezi huu sanduku limejaa barua za vyuo tu, nadhani kwa sababu vijana washapangiwa na wazee ndo wanaanza kuuliza majina ambayo hawajawahi kuyasikia. Nimechagua chache, nyengine zinauliza jambo moja kwa hiyo nimezikusanya.

SWALI: Asalaam alaykum Maalim. Kijana wangu kapata chuo huko Mwanza, kinaitwa Mtakatifu Augustino, anakwenda kusomea mambo ya habari. Mimi nimefurahi lakini pale barazani kila mtu ana lake, mmoja kanambia hicho ni chuo cha mapadri na mtoto atarudi kabadilisha jina, mwengine anasema hichi chuo cha juzi tu, watu wamefungua biashara. Nieleze kimeanza lini na cha nani. (Baba Salim, Wete)

JAWABU: Waalaykum salaam Baba Salim, na hongera kwa kijana. Kwamba ni cha kanisa ni kweli, wala hawajifichi, wenyewe ni Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na ukifungua karatasi yoyote ya chuo utaliona hilo. Ila huyo alosema cha juzi kakosea sana, mana hilo jina la SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, ndo la 1998 lakini pale Nyegezi penyewe, pembeni ya Mwanza, watu wanasoma toka 1960, Tanganyika haijapata hata bendera yake.

Alopaanzisha ni Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi, wa shirika la mapadri wanaoitwa White Fathers, na ndo alokuwa askofu wa Mwanza wakati ule. Sasa wengi wanadhani askofu akijenga chuo basi anataka kuzalisha mapadri, lakini yule bwana seminari zilikuwepo tayari, yeye alitaka mahali pa kuwafundisha watu wa kawaida, wafanyakazi wa maendeleo, watu wa hesabu, watu wa kuongoza vyama, kwa sababu uhuru ulikuwa unaonekana unakuja na nchi haina watu walosoma. Na usisahau Mwanza ya miaka ile ilikuwa Mwanza ya pamba, vyama vya ushirika vya Wasukuma vilikuwa vikubwa kweli kweli, kwa hiyo mtu anayejua kufunga mahesabu na kuendesha mkutano alikuwa anatakiwa. Kikaitwa kituo cha mafunzo ya jamii, baadaye kikawa taasisi, lakini watu hawakuhangaika na majina marefu, walisema "Nyegezi" basi.

Blomjous mwenyewe alikwenda Roma kwenye ule Mtaguso wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, wa 1962 mpaka 1965, na 1965 hiyo hiyo akajiuzulu uaskofu. Kituo hakikufa. Mimi hapa ndo ninapopapenda katika historia yote hii, kwa sababu taasisi nyingi zetu mwanzilishi akiondoka na ufunguo anaondoka nao, ile ikaendelea miaka thelathini na kitu bila makelele, ikifundisha uandishi wa habari, uhasibu, ugavi. Kwa muda mrefu ukimuuliza mwandishi wa habari wa Tanzania kasoma wapi, jawabu hazikuwa nyingi, ama ile Skuli ya Uandishi wa Habari ya Dar es Salaam ilofunguliwa 1975 ama Nyegezi. Kwa hiyo kijana wako kama anakwenda kusoma habari basi kaenda pahala ambapo somo lenyewe ni la zamani kuliko digrii yake.

Halafu mwaka 1998 ndo maaskofu wakaigeuza ile taasisi kuwa chuo kikuu. Majengo yapo, walimu wapo, maktaba ipo, ardhi ya kutosha ipo kule Malimbe karibu na ziwa, kilomita kama kumi hivi kutoka mjini Mwanza. Na haikuishia hapo, wakaanza kuzaa vyuo vishiriki, Ruaha kule Iringa, Mwenge Moshi, Tabora kile kilichopewa jina la Askofu Mkuu Mihayo, Mtwara Stella Maris, na pale pale Mwanza mjini Bugando kwa upande wa udaktari kuanzia 2003. Vyengine vishajitegemea.

Kuhusu kubadilishwa jina. Chuo kinapokea watu wa dini zote, hilo ni sharti na si hisani, hakuna chuo kikuu kitakachopewa ithibati nchi hii halafu kiseme wewe huingii kwa sababu ya dini yako. Atakuta kanisa pale, atakuta mapadri na masista wanafundisha, wengine wanasoma naye darasa moja, na mwaka una sikukuu zao. Ukiniuliza mimi ntakwambia mtoto alokulia Wete akasoma madrasa miaka kumi na zaidi halafu atikiswe na msalaba uliotundikwa ukutani, basi tatizo halikuanzia Mwanza. Unachotakiwa kumuuliza kabla hajafunga begi ni mambo ya kawaida, analala wapi, dakhalia ipo au anapanga mtaani, chakula, na msikiti wa karibu uko wapi. Zile karatasi za kujiunga alizoletewa zote mzisome nyinyi wawili mpaka mwisho, mana ndani yake mna kanuni za mavazi na mwenendo na mtu akishatia saini hawezi kusema hakujua.

Na jengine nikwambie uwapelekee hao barazani. Hao White Fathers safari yao ya kwanza ya kwenda ziwani 1878 walipita wapi? Hapa hapa Unguja. Walishuka bandarini, wakatafuta wapagazi, wakavuka Bagamoyo, ndo wakatembea kwa miguu mpaka Ziwa Victoria, na 1883 wakaweka misheni Bukumbi karibu na Mwanza. Njia anayokwenda kijana wako kwa boti na basi ni ile ile, yeye ana kilomita zaidi ya 1,100 kutoka Dar na analalamika kiti hakilali.

SWALI: Maalim mimi niko form siks Chake. Nataka kuuliza wazi, mbona wenzetu Wakristo wana vyuo kibao na vyote vimeibuka kwa mpigo miaka ya 90 na 2000? Walikuwa washajipanga au kuna mtu kawapa? (Mdadisi)

JAWABU: Mdadisi, suali lako wengi wanaliuliza kwa sauti ya chini, bora umeliandika. Jawabu ni yote mawili, na kuna la tatu hukulitaja ambalo ndo kubwa zaidi, nalo ni sheria.

Mpaka miaka ya 80 mwisho mwisho chuo kikuu Tanzania kilikuwa kitu cha serikali. Dar es Salaam ilianza 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, ikaanzia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikaja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, ikasimama peke yake 1970. Sokoine ikatoka humo 1984. Basi, nchi nzima. Kanisa hata lingekuwa na pesa na majengo lisingeweza kuita kitu chake chuo kikuu, na tena wakati huo walikuwa wamenyang'anywa, mana baada ya Azimio la Arusha na ile Sheria ya Elimu ya 1969 skuli nyingi za misheni Bara zilitaifishwa. Kwetu Visiwani ilikuwa mapema zaidi, baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli zikachukuliwa na serikali na elimu ikatangazwa bila malipo Septemba mwaka huo, ile Convent ya masista wa St. Joseph ndo hii Tumekuja mnayoijua. Hospitali nazo pia, Bugando ilofunguliwa 1971 ikachukuliwa 1972, ikaja kurudishwa kwa maaskofu 1985 kwa makubaliano.

Sasa mlango ulifunguliwa 1995, sheria ya elimu ikarekebishwa likaundwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, ndo mama wa TCU hii ya leo, Tume ya Vyuo Vikuu, ilokuja na sheria ya 2005. Ukishakuwa na baraza la kutoa ithibati maana yake mtu binafsi anaweza kuomba. Na hapo nani atakimbia mbele? Yule ambaye tayari ana taasisi. Wakatoliki walikuwa na Nyegezi. Walutheri walikuwa na chuo chao cha theolojia kilichoanza Lwandai Lushoto 1947 kikahamia Makumira 1954, na Iringa walishafungua 1994, wakaviunganisha kwa jina la Tumaini. Kwa hiyo ile "kwa mpigo" unayoiona ni kwa nje tu, kwa ndani ni miaka thelathini arubaini ya kusubiri.

Lakini angalia jambo ambalo watu hawalisemi. Mwaka huo huo wa 1998 SAUT inapata jina, hapa kwetu kulifunguliwa viwili, Zanzibar University pale Tunguu, ya jumuiya ya Darul Iman, na chuo cha ualimu Chukwani cha wale ndugu wa Kuwait wa Africa Muslims Agency, ambacho sasa kimechukua jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait. Vyote viwili vya Kiislamu, vya binafsi, vya dini, na vimepita mlango ule ule wa sheria. SUZA, Chuo Kikuu chetu cha Taifa cha Zanzibar, cha serikali, sheria yake ni ya 1999 na madarasa 2001, yaani hapa Zanzibar vyuo vikuu vya dini vimeitangulia serikali, jambo ambalo kule Bara halikutokea. Mimi nikisikia mtu wa Unguja anazungumza chuo cha dini kama kitu cha ajabu cha watu wengine namuuliza Tunguu anapita na dala dala gani.

Ya kupewa sasa. Ndio, kuna waliopewa. Waanglikana chuo chao cha St. John's Dodoma kilichofunguliwa 2007 kimekaa kwenye majengo ya ilokuwa Skuli ya Sekondari Mazengo, ambayo nayo zamani ilikuwa ya misheni ikiitwa Alliance kabla ya kutaifishwa, kwa hiyo wao watakwambia tumerudishiwa, hatukupewa. Waislamu nao wamepewa, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro cha 2005 kipo kwenye majengo yalokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, yaliyotolewa wakati wa Rais Mkapa. Na kuna ile hati ya makubaliano ya 1992 baina ya serikali na makanisa juu ya huduma za afya na elimu, ambayo masheikh wengi wameilalamikia miaka nenda miaka rudi na sitakwambia malalamiko hayo hayana msingi, kwa sababu ukifanya makubaliano na upande mmoja lazima mwengine atauliza na mimi je. Ila hati ile peke yake haielezi Nyegezi ya 1960. Tofauti kubwa ninayoiona mimi ni kwamba wenzetu walishika chuo kidogo cha stashahada wakakilea muda mrefu bila kukiita kikubwa, sisi tunapenda kuanza na jina. Utanikasirikia, lakini ndivyo ninavyoona.

SWALI: Bibi yangu mzaa mama alikuwa akituambia Kiungani kulikuwa na chuo kikuu cha wazungu kabla ya vita vya kwanza. Nimemuuliza mwalimu kacheka. Nani mkweli? (Bi Mwanahawa, Kikwajuni)

JAWABU: Bibi yako hakuzua, Bi Mwanahawa, na huyo mwalimu angecheka kidogo. Chuo kilikuwepo. Chuo kikuu hakikuwa, lakini walokileta walitoka vyuo vikuu na jina la misheni yao lilikuwa hilo hilo, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA. Ilianza kwa hotuba aloitoa Livingstone kule Cambridge 1857, watu wa Oxford, Cambridge, Durham na Dublin wakachanga. Askofu wao wa kwanza Mackenzie akafa 1862 huko bonde la Shire, Malawi ya leo, kwa hiyo wa pili, Tozer, akaona kule bara ndani watu watakwisha, akahamishia kituo Unguja 1864.

Sayyid Majid akampa Tozer watoto watano wa kiume walokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watoto watano, ndo wanafunzi wa mwanzo. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Skuli ikakaa Kiungani, upande wa kusini ya mji, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, na haikuwa skuli ya kusoma a e i o u tu, mana walifundishwa pia kupiga chapa, vitabu vingi vya mwanzo vya Kiswahili vilivyopigwa chapa hapa Unguja vimepita mikononi mwa vijana wale, akisahihisha Steere, alokuja kuwa askofu baada ya Tozer. Steere ndo huyo huyo alojenga lile kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi 1873, mwaka ule ule Sayyid Barghash alipolifunga soko, na sehemu ya kiwanja ilitolewa na Mhindi, Jairam Senji. Kwa wasichana ilikuwa Mbweni, pale alikuwepo Bi Caroline Thackeray alokuja 1877 na hakuondoka tena mpaka kufa kwake 1926, magofu ya skuli yake yapo mpaka leo ukienda pale hotelini utayaona.

Na walotoka Kiungani si wadogo. Cecil Majaliwa, Myao alotolewa utumwani, alipadirishwa 1890, padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, akapelekwa kufanya kazi kusini huko. Martin Kayamba, alozaliwa Mbweni 1891, alisoma Kiungani akafika London 1931 kutoa maoni ya Waafrika wa Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Ukilinganisha na elimu ilokuwepo Afrika Mashariki wakati ule, bibi kuita ile chuo kikuu mimi siwezi kumhukumu.

Miaka ya 1920 wakakihamishia Bara, Minaki karibu na Kisarawe, kikawa sekondari yenye jina kubwa, halafu serikali ikaichukua. Ndo maana leo huwezi kukuta chuo kikuu kinachosema "sisi ni Kiungani". St. John's ya Dodoma mwenyewe ni kanisa lile lile la Kianglikana, lakini mzizi wa Dodoma ni wa misheni nyengine ya Kianglikana, CMS, na majengo ni ya Mazengo kama nilivyosema hapo juu. Bara kumekua kwengine, kwetu kumebaki mtaa. Mimi hili linaniuma kidogo, si kwa ajili ya kanisa, kwa ajili ya mji, mji ulokuwa na watu wanapiga chapa vitabu 1870 ukaja kungoja mpaka 1998 kupata chuo kikuu.

SWALI: Nikienda chuo cha kanisa mkopo ntapata? Na nikirudi Zanzibar serikali itaitambua digrii? (Wengi mmeuliza hili, nimeliweka moja)

JAWABU: Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo TCU ni moja kwa SUZA, Tunguu, SAUT na Makumira, digrii ilopata ithibati inatambulika kote. Mkopo uko wa Bodi ya Mikopo ya Muungano ilioanza kazi 2005, na kwa Wazanzibari ipo bodi yetu wenyewe toka 2011, na zote haziangalii chuo ni cha padri au cha sheikh, zinaangalia chuo na kozi kama vimetambuliwa na wewe kama unastahili. Mkazo hapo kwenye kozi. Chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi fulani ikawa haina, hapo ndo watu wanapoumia, kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huo uitafute kozi yako kwa jina lake kamili.

SWALI: Huyo Augustino mwenyewe ni nani, Mtaliana? (Kijana wa Mkoani)

JAWABU: Mwafrika. Kazaliwa 354 Thagaste na kafa 430 Hippo, zote mbili ziko Algeria ya leo.

SWALI: Dada yangu alisoma Iringa zamani cheti kimeandikwa Tumaini, sasa anaomba kazi hapa Unguja wanamwambia chuo hicho hawakioni kwenye orodha. Afanyeje? (Mwanaisha, Fuoni)

JAWABU: Chuo kipo, kilichobadilika ni jina. Kile cha Iringa kilikuwa chuo kishiriki cha Tumaini na toka 2013 kimekuwa Chuo Kikuu cha Iringa, kinajitegemea, sawa na Mwenge ya Moshi ilokuwa chini ya SAUT na 2014 ikawa chuo kikuu kamili cha Kikatoliki. Asithubutu kuandika jina jipya kwenye maombi halafu akaambatanisha cheti chenye jina la zamani, hapo ndo ataonekana mwongo. Aandike kama cheti kinavyosema, kwenye mabano aweke jina la sasa, na aiandikie ofisi ya msajili wa chuo huko Iringa wampe barua inayothibitisha kasoma pale mwaka gani na chuo kikiitwaje. Akishaipata atoe kopi kadhaa azithibitishe kwa wakili, mana hii haitakuwa ofisi ya mwisho kumuuliza.